Kioo Ambacho Hatukukiosha

Talaso,

Kioo nimekiosha. Nilitumia sabuni ya unga na maji ya moto, nikakipangusa kwa gazeti mpaka kikalia nilipokigusa. Nakuambia hili kwanza kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Wewe ulijua fizikia kunishinda, lakini uliniamini, na hapo ndipo tulipokosea.

Ni mwezi wa tano sasa tangu uondoke. Kwenye dawati lako anakaa msichana aliyehamia kutoka Garba Tulla. Anaandika kwa mkono wa kushoto, viwiko vyetu vinagongana, na kila vikigongana ananiambia pole mpaka natamani aache. Picha yako imebandikwa kwenye mlango wa maabara, ile ya kitambulisho uliyoichukia, jicho moja limefumba nusu. Chini yake wameandika kwa herufi kubwa: ALIFARIKI AKITAFUTA ELIMU. Mkuu wa shule ndiye aliyeyasema maneno hayo paredi ya Jumatatu. Wasichana waliokuwa wakikuita Profesa Makohozi walilia kwa sauti, wakashikana, wakakaa chini kwenye changarawe. Mimi sikulia. Nilisimama tu nikishika mkoba. Kwa hiyo sasa nina jina jipya. Nikiingia bwenini kuazima kitabu wanasema, "Manze mpisheni Mjane wa Vumbi apite." Wanacheka. Nawapisha wao.

Najua hupendi nikizunguka. Lakini nataka kuyapanga yote vizuri, kama tulivyokuwa tukipanga ripoti: lengo, vifaa, utaratibu, matokeo. Sehemu ya makosa huwa tunaiandika mwisho, kwa haraka, kwa sababu Mwalimu Mutuma anataka iwepo. Safari hii nimeiandika polepole.

Unakumbuka zile kurasa alizotuchapia Mwalimu? Zilihusu mwanga wa kale kuliko nyota zote, ule uliotoka ulimwengu ulipokuwa bado mchanga na moto, na ambao sasa umepoa ukawa mawimbi ya mikrowevu yasiyoonekana kwa macho. Unakuja kutoka kila upande wa anga. Mimi nilikwama pale waliposema kwamba sehemu ndogo ya mwanga huo mawimbi yake yanatikisika zaidi upande mmoja. Nilisoma sentensi ile mara nyingi. Wewe ulisoma mara moja ukasema, "Si ni nywele tu? Zikiwa timutimu zinaelekea kila upande. Ukizichana zinalala upande mmoja. Huu umechanwa." Tangu siku hiyo hatukutumia neno la kitabuni. Tulisema mwanga uliochanwa.

Kisha tukafika kwenye ile habari ya wataalamu wa darubini ya Ncha ya Kusini. Walikuwa wakitafuta mizunguko fulani katika huo mchano, alama ambayo ingekuwa imeachwa na dakika ya kwanza kabisa ya ulimwengu, tena chini ya dakika. Wakaiona. Wakatangaza. Halafu wengine wakapima vumbi lililo baina ya nyota, hapa hapa katika galaksi yetu, wakakuta kwamba vumbi hilo hujipanga kwa kufuata sumaku ya galaksi, na likijipanga linatoa mwanga uliochanwa vilevile. Yale waliyoyaona yangeweza kuwa ya vumbi tu. Ulicheka mpaka ukatafuta inhela yako ya pumu. "Kagendo! Watu wazima na shahada zao wameona vumbi wakasema ni mwanzo wa dunia! Si wangekuja Isiolo tuwaonyeshe vumbi?"

Hata hivyo uliwapenda. Ulisema utaenda huko Ncha ya Kusini na mablanketi matatu ya Mama yako, na kazi yako itakuwa kuliondoa vumbi: kulipima kwa rangi nyingi za mawimbi, kujua ni kiasi gani, kisha kutoa. Kinachobaki baada ya kutoa ndicho mwanzo. Uliliandika hilo nyuma ya daftari. Nimelisoma mara nyingi kuliko ningependa, na nitakuambia nililisomea wapi.

Mradi wetu ulikuwa mdogo tu. Sanduku la katoni lililopakwa rangi nyeusi ndani. Tochi chini. Juu ya tochi, ile karatasi ya plastiki ya kijivu tuliyoibandua kwenye kalkuleta iliyokufa, inayochana mwanga. Juu yake kioo chenye vumbi, na sumaku ya spika pembeni. Juu kabisa karatasi nyingine ya kalkuleta, imegeuzwa ili izuie kila kitu. Ukichungulia bila vumbi unaona giza. Ukiweka vumbi, kama kweli linajipanga kwa sumaku na kuuchezea mwanga, utaona kitu. Vumbi letu lina chuma, kila mtoto wa huku aliyeburuta sumaku mchangani anajua.

Kioo tulipewa na fundi wa gereji, kile kidogo cha dirisha la pembeni, la mlango wa lori lililopinduka njia ya Merti. Mjomba wako akakuletea vumbi la Merti kwenye mfuko wa sukari. La Rapsu ulilitoa mwenyewe shambani kwa shangazi yako. La tatu ni la uani kwenu Kiwanjani. Ulitaka vumbi la pande tofauti, kama lilivyo la pande tofauti za anga.

Mimi nilikuwa na kazi ya kusoma na kuandika. Nilisoma kwamba vumbi la baina ya nyota ni jembamba mno, linakaribia moshi. Sare yangu ilikuwa nyeupe, na mama yangu, wewe unamjua, angeniuliza nimelala wapi. Kwa hiyo wewe ulichekecha. Ulikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukatandika shashi ya Mama, ule mtandio wake mwembamba, juu ya sufuria, ukachekecha, na mimi nikakaa upande upepo unakotoka na kalamu yangu. Ulikuwa ukiniletea kwenye kijiko. Nilikuwa nalisugua kwa vidole viwili, kama mama anayeangalia unga dukani, na nilikuwa nasema, "Bado ni nene. Chekecha tena."

Ulikuwa unakohoa. Nilisikia. Ulisema, "Ni kawaida yangu," na mimi nikaandika tarehe.

Siku ya kwanza tuliyoona mistari ulipiga kelele mpaka Mama akatoka na mwiko. Mistari ya kijivu iliyopinda, na madoadoa yaliyopangwa kama ya chui, yaking'aa ndani ya giza. Mama alichungulia, akasema, "Wallahi, hii ni vumbi yangu ya uani?" Ukamwambia ndiyo, Mama, vumbi yako. Tulibadilisha tukaweka vumbi la Merti, mistari ikawa ileile. La Rapsu, ileile. Ungefikiri hapo tungejiuliza. Sisi tulifurahi. Tuliandika kwamba vumbi lote linatii sumaku kwa namna moja.

Sasa nisikilize. Mwalimu alituambia lazima tupime pia bila vumbi, tulinganishe. Kioo cha lori kilikuwa kimejaa vumbi na mafuta ya vidole. Ulisema tukioshe. Ilikuwa wiki ya tatu bomba za Kiwanjani hazitoi kitu, na Mama alikuwa amebeba mitungi kutoka kwenye gari la maji. Yale yalikuwa ya kunywa na kutawadha. Niliona aibu kuyaomba. Kwetu, kwenye nyumba za serikali, maji yalikuwepo. Ningeweza kukibeba kioo nikakioshe kwetu. Lakini nilikiona kizito na nilikuwa na kitabu mkononi, na nikasema, "Nitaleta kioo kingine kisafi kutoka nyumbani. Kioo ni kioo." Nikaleta kile cha fremu ya picha. Tukakiweka. Giza tupu. Tukaandika: bila vumbi, hakuna mistari.

Kioo ni kioo. Nilisema mimi hayo.

Uliumwa wiki hiyohiyo. Ulikuja shule siku mbili ukinong'ona badala ya kuongea. Alhamisi hukuja. Sikujua kitu; nilikuwa kwenye mtihani wa kemia. Walikufikisha hospitalini kwa bodaboda, Mama amekushikilia kutoka nyuma, ukiwa bado unapumua. Siku hiyohiyo baada ya alasiri nilifika kwenu na daftari ili uangalie jedwali nililochora. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini na koleo begani. Mtu mmoja akanipisha mlangoni, akasema "poleni," na nikamjibu "asante" kabla ya kuelewa.

Tulishinda mashindano ya sayansi ngazi ya kaunti. Hukujua hilo. Majaji walisimama. Mwalimu Mutuma, ambaye hajawahi kumshika mwanafunzi hata mkono, aliniwekea mkono begani mbele ya wapiga picha.

Na kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa naenda kwa Mama. Yeye ndiye aliyeniita mara ya kwanza. Ananipa chai ya maziwa, anakaa mkekani, anasema, "Haya intala, binti yangu, nisomee." Namsomea daftari lako. Hataki hadithi nyingine, anataka daftari. Vipimo, michoro, yote, namfafanulia kwa Kiswahili. Alikipenda sana kipande cha kutoa vumbi mpaka ubaki mwanzo. Aliniambia sheikh amemliwaza kwamba aliyekufa akitafuta elimu hakufa bure. Alisema, "Nikilala nafikiria kifua chake. Halafu nafikiria ile mistari. Ile mistari inanilaza." Talaso, hakuwa na kitu kingine. Alikuwa ameshagawa hata nguo zako.

Wiki moja kabla ya mashindano ya kanda, Mwalimu alisema kifaa kinaaibisha shule, kisafishwe, vumbi jipya litawekwa siku yenyewe. Ndipo nikakiosha kioo. Nilikipachika ili kujaribu tochi tu. Nikachungulia.

Mistari ilikuwepo.

Ilikuwa mizuri kuliko wakati wowote. Madoa ya chui, yote, wazi, hakuna hata chembe. Niliondoa sumaku. Ikabaki. Nilichukua kioo cha fremu nikakimwagia vumbi la Merti lote lililobaki, jembamba kama poda, lile ulilolichekecha Jumamosi ya mwisho, nikaisogeza sumaku karibu. Giza. Nilifanya hivyo mpaka betri za tochi zikaisha. Baadaye nikasoma: kioo cha gari hupikwa kisha hupozwa ghafla ili kisimkate mtu kikivunjika, na kupozwa huko huacha mkazo ndani yake. Mkazo huo ndio unaouchezea mwanga uliochanwa. Kioo chochote cha lori, popote. Mistari ilikuwa ndani ya kioo tangu kiwandani.

Wale wa Ncha ya Kusini angalau vumbi lao lilikuwa na kazi. Letu halikufanya lolote. Unaelewa ninachosema? Hukuhitaji kuchekecha. Hata kijiko kimoja.

Nilimwonyesha Mwalimu Mutuma. Aliangalia muda mrefu, akazima tochi, akaifunga maabara kwa ndani. "Majaji hawaoshi vioo," akasema. "Ukiulizwa mlilinganisha na nini, sema kioo kisafi. Si uongo. Kilikuwa kisafi." Kisha akasema jambo ambalo bado linaniuma kwa sababu lilikuwa la kweli: "Mfikirie yule mama. Wewe utaumia siku moja, yeye utamuumiza maisha."

Nilimfikiria. Nilimfikiria wiki nzima. Na nilitaka ushindi pia, nisikudanganye. Nilikuwa nimeshazoea kuitwa jukwaani.

Mashindano yalifanyika hapa mjini. Mama alikaa mstari wa mbele na buibui mpya, na picha yako mapajani, imegeuzwa ili uone. Nilieleza kwa Kiingereza, kama sheria inavyotaka. Sauti yangu haikutoka vizuri, wa nyuma wakasema "sauti!" Jaji mmoja, mama mwembamba wa miwani, aliinama akachungulia sandukuni, akainua kichwa, akauliza swali lilelile: mlilinganisha na nini?

Niliangalia viatu vyangu. Nikasema kila kitu. Maji, kioo cha fremu, kuosha, mkazo. Nilisema kosa ni langu na kwamba matokeo yetu ni kioo, si vumbi. Jaji alisema asante, akaandika kitu, akakata mstari. Mwalimu Mutuma alitoka nje. Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Alikuwa Mama. Hajui Kiingereza. Alikuwa ameona tu nimemaliza.

Ningeweza kunyamaza hapo, Talaso. Nilikuwa nimeshausema ukweli mahali unapohitajika, kwa lugha inayohitajika, na yeye hakuusikia. Angeendelea kulala. Nilisimama nikimwangalia akinipigia makofi na nilijua kwamba nina njia ya kutoka, na kwamba ni nzuri.

Alinifuata nje, karibu na matangi ya maji. Alinikumbatia. "Tumeshinda? Mbona mwalimu amekasirika?"

Nikamwambia. Kwa Kiswahili chepesi, polepole, kama nilivyokuwa nikimsomea daftari. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo hata unga wa ugali ungetosha?"

Nikasema, "Hata bila kitu, Mama."

"Lile vumbi halikuwa na kazi."

"Halikuwa na kazi."

Alitazama picha yako kidogo, akaiweka ndani ya buibui kana kwamba hataki usikie. "Na nani alimwambia achekeche?"

Swali hilo majaji hawakuuliza. Halimo kwenye ripoti. Hakuna mtu aliyekuwa pale uani ila wewe na mimi. Nikasema, "Mimi. Alikuwa analeta, na mimi nasema bado ni nene."

"Akikohoa?"

"Akikohoa."

Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige. Aliniondolea mikono yake mabegani, kidole kwa kidole, akasema kwa upole, na upole huo sitausahau, "Ungeniachia ile faraja moja tu. Nilikuwa na moja." Kisha akasema, "Usije tena kwangu, Kagendo." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Siku hizi wanasema amerudi kulala kwa kukaa, ameegemea ukuta, kama ulivyokuwa ukilala kifua kikibana. Mwalimu ameniondoa kwenye klabu ya sayansi. Picha yako bado iko mlangoni na maneno yale chini yake, na hakuna anayejua ayafanyie nini.

Nimejiuliza kama nilifanya hivyo kwa ajili yako, au kwa ajili ya ukweli, au kwa sababu nilikuwa nimechoka kunywa chai yake. Sijui. Ya tatu ina nguvu kuliko ninavyopenda. Kila Ijumaa alikuwa ananiongezea sukari, na mimi namsomea matokeo ya kioo cha lori, na yeye ananishukuru. Nadhani mtu mwema zaidi yangu angeendelea kunywa.

Nimeiandika upya ripoti yetu. Majina mawili, lako kwanza. Matokeo: hakuna athari ya vumbi iliyoonekana. Makosa: kioo hakikuoshwa, kioo cha kulinganisha hakikuwa cha aina moja, mwandishi alikaa upande upepo unakotoka. Mwalimu alikata sentensi ya mwisho kwa kalamu nyekundu, akasema hiyo si sayansi. Nimeirudisha.

Wewe sitakuomba msamaha. Nilianza barua hii nikitaka kuuomba, nikagundua kwamba huwezi kukataa. Ningejipa mwenyewe halafu niseme umenipa wewe, na nimeshakuchukulia vya kutosha. Mama anaweza kukataa. Ijumaa mbili zilizopita nilibisha hodi, nikasema salaam aleikum, nikasikia akisimama, akaja mpaka mlangoni, akasimama upande wa pili nikasikia pumzi zake, hakufungua.

Lala, Talaso. Pumua, kama huko watu wanapumua. Nakuahidi nitaenda Ijumaa hii na zile zinazofuata, mikono mitupu, bila daftari, nibishe hodi na kungoja. Ana haki ya kuninyima, na nitampa nafasi ya kuninyima kila wiki, uso kwa uso, mpaka achoke au nife.

Kagendo